Kuchonga ufunguo kwa kusoma alama za pini

Ufunguo umepotea na kufuli bado limefungwa. Mara nyingi kinachofuata ni grainda, na kufuli zima linageuka chuma chakavu. Fundi anayejua kusoma alama huingiza blanki, yaani ufunguo ambao bado haujachongwa meno, ndani ya kufuli lenyewe. Huubana, huutoa, hutazama pini zimeacha alama wapi juu ya shaba, hupiga tupa hapo tu, kisha hurudia mpaka kufuli linazunguka. Akimaliza, kufuli ni zima na ufunguo uko mkononi. Nguvu haina kazi kubwa hapa. Kazi ni ya jicho, na jicho hufundishwa kwa mazoezi.

Mwongozo huu unahusu makufuli na vitasa vya pini, ule mfumo ambao Linus Yale mdogo wa Marekani aliupatia hataza katika miaka ya 1860 na ambao hadi leo ndio uliomo katika makufuli mengi ya shaba na vitasa vingi vya silinda.

Kinachotokea ndani

Katikati ya kufuli kuna kiini, kipande cha mviringo ambamo ufunguo huingia na ambacho huzunguka pamoja nao. Kiini kimekaa ndani ya mwili wa kufuli. Vitundu vinne, vitano au sita vimetobolewa kutoka mwilini hadi ndani ya kiini. Kila kitundu kina pini ya chini inayogusa ufunguo, pini ya juu iliyokaa mgongoni mwake, na springi inayozisukuma zote mbili. Pini za chini zina urefu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayolifanya kufuli moja lisifunguke kwa ufunguo wa jingine. Ufunguo sahihi huinua kila jozi hadi maungio ya pini mbili yalingane na ukingo wa kiini. Ukingo huo tuuite mstari wa mgawanyo.

Blanki ina kimo kamili, kwa hiyo huinua karibu kila pini kupita kiasi. Pini ya chini inakaa sehemu ndani ya kiini na sehemu mwilini. Ukizungusha, kiini kinaibana kwa ubavu na haiwezi kupanda wala kushuka. Ukishikilia mzunguko huo na kuipandisha na kuishusha blanki, shaba inagonga ncha ya pini isiyosogea na kupata kovu dogo. Pini iliyofika mstarini haibanwi tena. Inakandamizwa na springi peke yake, na springi haina nguvu ya kutia kovu. Kanuni ya kazi yote inatoka hapo: penye alama piga tupa, pasipo na alama usiguse.

Kuna mambo mawili yanayoichanganya kanuni hiyo, na anayeanza hana budi kuyajua kabla hajashika tupa.

La kwanza, vitundu havikutobolewa katika mstari ulionyooka kabisa, kwa hiyo pini hazibanwi zote kwa pamoja. Moja au mbili hubanwa kwanza, nyingine zinasubiri. Nafasi isiyo na alama sasa inaweza kupata alama baadaye, wenzake wakishashuka. Usidhani imekwisha.

La pili ndilo linaloharibu blanki nyingi. Ukichonga kupita kiasi, pini ya juu hushuka na kuvuka mstari. Inayobanwa sasa ni hiyo ya juu, na pini ya chini iliyo chini yake inacheza bila kubanwa. Matokeo yake blanki haipati alama mahali hapo, sawasawa na pini iliyofika. Kufuli halifunguki, na ufunguo hauonyeshi kosa liko wapi. Ndiyo maana katika kazi hii tupa ya ziada ni mbaya kuliko tupa pungufu. Pungufu utaongeza mzunguko ujao, ya ziada haina marekebisho isipokuwa blanki mpya.

Vifaa

Blanki ziwe za shaba ya njano, zenye mifereji inayolingana sawasawa na tundu la kufuli, na uwe nazo tano au zaidi kwa kufuli la kwanza la mazoezi. Zenye rangi nyeupe mara nyingi ni shaba iliyopakwa nikeli. Hizo zinafaa, lakini uondoe nikeli kwa tupa upande wa juu, kwa sababu nikeli ni ngumu na alama hufifia. Blanki za alumini ziache. Hupinda shingoni kabla pini haijaacha chochote cha maana.

Tupa ndiyo kifaa cha kutolea pesa. Inayofaa ni ya mkato wa Kiswisi namba 4, ya duara au ya nusu duara, yenye urefu wa inchi 6 hivi. Katika mfumo huo namba ikikua, meno yanakuwa laini zaidi. Namba 2 inakata haraka ila huacha mikwaruzo mikubwa zaidi. Tupa za duara za kunolea misumeno ya mnyororo zinapatikana katika maduka mengi ya vifaa, lakini ni kali mno: huacha mitaro mipana kuliko alama yenyewe, na mtu huhangaika kutafuta kovu ndani ya mikwaruzo aliyoitia mwenyewe. Pakaa chaki kwenye tupa kabla ya kuanza ili unga wa shaba usikwame katika meno, na uisugue kwa brashi kila baada ya muda.

Vingine ni koleo la kujifunga la kushikia kichwa cha blanki, lenzi ya fundi saa ya kukuza mara 10, jiliwa dogo la kubana kufuli, kalamu yenye ncha nyembamba na wino usiofutika, na kalipa ya dijitali inayosoma hadi milimita 0.01. Taa iwe moja, yenye mwanga unaotoka sehemu moja, kama tochi ndogo. Mwanga wa dari unaosambaa kote hauzai kivuli, na bila kivuli alama haionekani.

Kufuli la mazoezi

Anza na silinda unayoweza kuifungua. Toa kiini kwa kukifuata nyuma na fimbo ya mbao au bomba lenye kipenyo kilekile (vitasa vingi vya Kimarekani vina kiini cha karibu nusu inchi), ili pini za juu na springi zisirukie sakafuni. Fanya kazi hiyo ndani ya sinia. Toa pini zote, kisha rudisha jozi moja tu. Chonga ufunguo wa pini hiyo moja hadi kiini kizunguke. Utakuwa umeona alama ikitokea, ikirudi kila ukipiga tupa, halafu ikitoweka. Kutoweka kwa alama ndiko jicho linakohitaji kujifunza, na kwa pini moja hakuna cha kukuchanganya. Kisha weka pini mbili, tatu, hadi tano. Anayeanza moja kwa moja na pini tano huwa hajui kama kosa ni la mkono, la taa au la tupa.

Vipimo

Watengenezaji hawachagui kina cha mkato kiholela. Kila aina ya kufuli ina ngazi zake maalumu, na nafasi ya kila pini kutoka kwenye bega la ufunguo, yaani ukingo unaouzuia usiingie zaidi, haibadiliki. Ukivijua vipimo hivyo kazi inakuwa fupi mno, kwa sababu unashuka ngazi moja kamili badala ya kukisia.

Aina mbili za Marekani ambazo vipimo vyake vinajulikana sana zinafaa kuwa mfano, na msomaji aliyeko Marekani Kaskazini atazikuta mlangoni kwake. Kwikset ya pini tano ina mkato wa kwanza milimita 6.27 kutoka begani, kisha kila mmoja unafuata kwa umbali wa 3.81. Ngazi ni sita: kimo cha ubapa, yaani ulimi wa ufunguo unaoingia kufulini, kinachobaki chini ya mkato ni 8.36, 7.77, 7.19, 6.60, 6.02 na 5.44. Schlage ya kawaida inaanza 5.87 kutoka begani na kuendelea kila 3.97. Ina ngazi kumi, kuanzia 8.51 kwa namba 0 hadi 5.08 kwa namba 9, zikipishana kwa 0.38. Tazama tofauti: ngazi ya Kwikset ni pana, 0.58, na humsamehe anayeanza. Ya Schlage ni nyembamba, na kosa la tupa chache linakutoa kwenye ngazi.

Kwa makufuli ambayo huna jedwali lake, na hapa Afrika Mashariki ndiyo mengi, tengeneza jedwali lako. Kusanya funguo kadhaa za kufuli la aina na ukubwa uleule, pima kimo cha kila mkato kwa kalipa na umbali wake kutoka begani, uviandike. Utaona vipimo vinajikusanya katika makundi machache. Hayo makundi ndiyo ngazi. Daftari la namna hiyo lina thamani kubwa kwa fundi wa kibandani kuliko mashine ya pili ya kunakili.

Hatua kwa hatua

Andaa blanki. Piga tupa laini kwa urefu wa ubapa, upande unaogusa pini, mara chache tu, mpaka mng'ao wa kiwandani uishe na ubaki uso wa rangi moja iliyofifia. Usishushe kimo. Mafundi wengine huchonga ubapa uwe mwembamba kama makali ya kisu ili alama iingie kwa urahisi. Njia hiyo inafanya kazi, lakini makali hayo hujikunja na kuonyesha alama nyingi za uongo, na kalipa nayo huyaponda. Kwa anayejifunza uso bapa ni bora.

Ingiza blanki hadi bega liguse kufuli, uitoe. Utaona mikwaruzo mirefu ya pini zikipita. Hiyo si alama, ila mwisho wa kila mkwaruzo unakusaidia kuthibitisha nafasi. Pima nafasi kutoka begani na uchore kistari cha kalamu ubavuni mwa ubapa, si juu yake.

Shika kichwa kwa koleo, ingiza tena mpaka mwisho, kisha zungusha kuelekea kulia hadi kiini kigome. Nguvu iwe ya kubana pini sawasawa lakini isikunje shingo ya blanki. Ukishikilia hivyo, pandisha na ushushe kichwa cha ufunguo mara tatu au nne, mwendo mfupi. Legeza. Fanya vilevile kuelekea kushoto. Legeza kabisa kabla ya kutoa, kwa sababu ukivuta huku pini zimebanwa utapata mikwaruzo inayofuta ulichokuwa unakitafuta.

Sasa tazama. Elekeza taa kutoka mbele yako, shika blanki chini ya lenzi na uigeuze polepole mpaka mwanga uteleze juu ya ubapa. Alama ya kweli ni kitone au mwezi mchanga mdogo unaong'aa ghafla kwenye pembe fulani kisha kuzimika. Iko palepale penye kistari chako. Kitu kinachong'aa kati ya vistari viwili si pini. Ukiwa na shaka, ingiza tena na urudie. Dakika moja ya kutazama ni nafuu kuliko blanki.

Piga tupa penye alama. Sukuma mbele tu, usirudishe huku umekandamiza. Kama una jedwali, shuka hadi ngazi inayofuata na upime. Kama huna, mipigo miwili au mitatu mepesi inatosha. Mkato uwe na pande zinazolala, karibu nyuzi 45 kila upande, usiwe shimo lenye kuta wima. Malizia kwa mpigo mmoja laini sana ili uso uliochongwa ufifie sawasawa, la sivyo alama inayofuata haitaonekana. Tupa ya duara ina faida hapa: inaacha bonde ambalo ncha ya pini hukaa katikati yake.

Rudia. Ingiza, bana kulia, bana kushoto, legeza, toa, tazama, piga tupa. Alama huhama kutoka pini moja kwenda nyingine bila mpangilio, nawe unaifuata tu. Usishawishike kuchonga nafasi ambayo haijaonyesha kitu eti kwa kuwa jirani yake ameshuka sana. Pini fupi na ndefu hukaa pamoja kila siku, na kuna kufuli ambalo pini yake moja inahitaji kimo karibu cha blanki yenyewe. Hiyo haitahitaji tupa hata kidogo.

Ukikaribia mwisho, alama hubaki moja, na huwa dhaifu. Hapa punguza tupa iwe mpigo mmoja kila mara. Kiini huzunguka chenyewe katikati ya kubana, mara nyingi bila dalili yoyote ya kukuandaa.

Yanayokwenda kombo

Alama zimekwisha na kufuli halijafunguka. Kwanza ongeza nguvu ya kubana kidogo, safisha ubapa kwa mpigo mmoja laini wa urefu, na utazame upya; mara nyingi alama ilikuwepo ila ilifichwa. Kama kweli hakuna, umevuka ngazi mahali fulani. Pima mikato yote na uiandike. Mkato ambao haulingani na ngazi yoyote ndio mshukiwa wa kwanza, na wa pili ni ule wa mwisho kupigwa tupa. Chukua blanki mpya, hamishia mikato yote kama ilivyo, ila mshukiwa muache juu ngazi mbili, kisha endelea kusoma kutoka hapo. Blanki iliyoharibika haijapotea bure, kwa sababu imekwisha kukupa majibu ya pini nyingine.

Alama ziko kila nafasi kwa mara moja. Unatikisa kwa nguvu mno au springi ni ngumu. Punguza mwendo, na uchukue zile zenye kina zaidi tu.

Alama zinakaa kando ya vistari, zote upande mmoja. Bega halikugusa kufuli ulipokuwa unabana. Kagua kama kuna mchanga mdomoni mwa tundu.

Ufunguo umenasa. Mkato una ukuta wima na pini imedumbukia humo. Usivute kwa nguvu. Rudisha kiini katikati kabisa, geuza kufuli ili springi zielekee chini na uzito wa pini usaidie, gongagonga mwili wake kwa mpini wa bisibisi huku ukivuta kidogo kidogo. Ukishautoa, lalisha ukuta huo kabla ya jambo jingine.

Blanki imekatika shingoni. Shaba ikipindishwa huku na huku huchoka, na dalili ni mstari mweupe karibu na bega. Ukiuona, hamishia mikato kwenye blanki mpya mara moja. Kipande kikibaki ndani, rudisha kiini katikati, ingiza wembe mwembamba wa msumeno wa kuchongea mapambo ubavuni mwa kipande, meno yakielekea kwako, uukaze na uvute.

Mafuta na kutu navyo huharibu usomaji. Kufuli la kutoka Mombasa, Unguja au Tanga mara nyingi lina kutu ya kijani na chumvi ya bahari ndani, na pini iliyoganda haisomeki. Lipulizie kisafishaji cha kuondoa mafuta, liache likauke kabisa, halafu uanze. Usitie grafiti kabla ya kazi. Inapaka ubapa rangi ya kijivu na kufunika kila kitu.

Baada ya kufunguka

Ufunguo huo usimpe mteja autumie. Umekunjwa na kubanwa mara nyingi na shingo yake haina maisha. Pima mikato yake, isogeze kila mmoja kwenye ngazi iliyo karibu zaidi, na uchonge ufunguo mpya kwa vipimo hivyo. Ukiunakili tu kwa mashine, makosa ya tupa yanahamia kwenye nakala, na nakala ya nakala yanaongezeka. Puliza unga wa shaba utoke kwenye kufuli, kwa sababu ukibaki unasaga pini na kiini.

Kwa kufuli la mtu mwingine, usiguse tundu mpaka umethibitisha ni lake: kitambulisho, mkataba wa nyumba, au shahidi anayeaminika mtaani kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe wa nyumba kumi. Andika jina, tarehe na aina ya kufuli kwenye daftari na aweke saini. Sheria za Kenya na Tanzania zinahesabu kuwa kosa kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na daftari lenye saini husaidia kuonyesha sababu yako. Mazoezi yote yafanyike juu ya makufuli yako mwenyewe, yasiyofunga mlango wowote unaotumika.

Mahali njia hii isipofaa

Makufuli ya visahani vinavyozunguka, kama ya Abloy, hayaachi alama za namna hii. Funguo zenye vishimo ubavuni badala ya meno zina ufundi wake mwingine. Magari ya kisasa yanaweza kukubali mlango ufunguke kwa ufunguo uliochongwa hivi, lakini injini haitawaka kama ufunguo hauna chipu iliyosajiliwa.

Vitasa vya komeo za bamba vilivyo kwenye milango mingi ya mbao, vyenye ufunguo mrefu wa meno bapa, vinasomwa kwa masizi ya mshumaa yaliyopakwa kwenye blanki. Lakini kama mlango uko wazi na ni ufunguo tu uliopotea, fungua skrubu, toa kitasa, ondoa kifuniko, na uchonge ufunguo huku unaona kila bamba linainuka kiasi gani. Nusu saa inatosha, na hakuna cha kukisia.